Kupimwa Afya Kwanza, Kuuza Shamba Baadaye: Njia ya Mwanafunzi wa Urubani

Mazungumzo na wazazi pamoja na vijana waliomaliza kidato cha nne, Kaunti ya Kajiado

 

Mkazi wa Isinya, Kiserian au Olooloitikosh anaijua sauti hii. Asubuhi, mifugo ikiwa bado njiani kwenda malishoni, ndege ndogo ya injini moja inapita juu ikinguruma kama trekta lililo mbali. Ghafla mngurumo unafifia. Ndege inaanza kushuka, karibu kimya, ikielekea mahali pasipo na uwanja wowote. Watoto wanaacha mbuzi na kukimbia kutazama. Halafu, ikiwa imebakiza futi mia chache kufika chini, injini inanguruma tena na ndege inapanda, inageukia upande wa Ngong na kutoweka.

Hakuna kilichoharibika. Ndani ya ndege hiyo wameketi watu wawili bega kwa bega. Wa kulia ni mwalimu, na wa kushoto ni mwanafunzi, pengine wa miaka 19, pengine mtoto wa jirani. Mwalimu amevuta kishikio cha nguvu ya injini kwa makusudi, kisha akauliza swali moja: injini imekufa, utatua wapi?

Mwanafunzi ana dakika chache za kujibu. Kwanza anaweka pua ya ndege mahali panapostahili ili mwendo ubaki kama kilomita 120 kwa saa, kwa sababu kwa mwendo huo ndege aina ya Cessna 172 huelea mbali zaidi bila injini. Kwa kila futi 1,000 inazoshuka, husonga mbele takriban futi 9,000. Aliye futi 3,000 juu ya ardhi basi ana kama kilomita 8 za kuchagua, ikiwa hakuna upepo. Anatafuta moshi wa jikoni au vumbi la ng'ombe apate kujua upepo unatoka wapi. Anatafuta uwanda usio na nguzo za umeme, usio na mikakasi mirefu wala mitaro. Na hapa Kajiado anatafuta pia mahali pasipo na ua wa seng'enge, jambo ambalo limekuwa gumu kadiri mashamba yanavyogawanywa vipande vipande.

Mgawanyo huo wa mashamba ndio kiini cha mazungumzo ya leo, maana kipande kimoja kinapouzwa ili mtoto akasomee urubani, pesa zake zinapaswa kununua kitu kinachojulikana. Familia nyingi hulipa kwanza, kisha huuliza. Mafunzo kutoka mwanzo hadi leseni ya biashara hugharimu mamilioni ya shilingi. Ni ekari, ni ng'ombe, wakati mwingine ni mkopo wa sako wenye majina ya wajomba watatu kama wadhamini. Kwa hiyo ni vizuri mzazi ajue mtoto anafanya nini huko juu, na kila hatua inadai nini.

Hatua ya kwanza haina ndege. Ni kwa daktari, na si daktari yeyote bali yule aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, KCAA, kupima marubani. Cheti cha afya kina madaraja. Anayetaka leseni ya kibinafsi, yaani kurusha ndege bila kulipwa, anahitaji angalau Daraja la 2. Anayetaka kuajiriwa anahitaji Daraja la 1, ambalo ni kali zaidi. Hupimwa macho, masikio, moyo, shinikizo la damu na mkojo, na daktari huuliza kuhusu kifafa, kisukari na afya ya akili. Kuvaa miwani hakumzuii mtu, mradi akiivaa aone inavyotakiwa. Kipimo kinachowashangaza wengi ni cha rangi. Kijana anaonyeshwa vitone vya rangi vilivyoficha tarakimu, na wapo wanaoishi hadi miaka 20 bila kujua kwamba hawatofautishi vyema nyekundu na kijani. Hali hiyo huwapata wanaume zaidi kuliko wanawake. Nyumbani haimzuii mtu kuchunga wala kuendesha pikipiki. Kwenye urubani inaweza kuleta masharti kwenye leseni, au kufunga kabisa mlango wa ajira.

Ndiyo maana kijana anayelenga ajira afadhali apimwe Daraja la 1 tangu siku ya kwanza, hata kama chuo kinamwambia Daraja la 2 linatosha kuanzia. Ada ya daktari ni ndogo mno ikilinganishwa na bei ya shamba. Kugundua tatizo la moyo au la rangi baada ya saa 60 za kuruka ni hasara ambayo hakuna chuo kitakachoirudisha.

Baada ya daktari inakuja leseni ya mwanafunzi, inayotolewa kwa aliyefikisha miaka 16. Leseni ya kibinafsi ni kuanzia miaka 17, na ya biashara miaka 18. Lugha ya redio ni Kiingereza, na kiwango kinachotakiwa ni cha 4 katika ngazi 6 za kimataifa. Anayezungumza kwa kusitasita darasani atasitasita zaidi akiwa hewani huku mwongozaji wa ndege akimtolea maagizo matatu kwa pumzi moja. Hesabu inayohitajika si ya kutisha, lakini lazima itoke haraka kichwani: muda, umbali, mafuta, uzito.

Darasani kuna sheria za anga, hali ya hewa, usomaji wa ramani, jinsi ndege inavyopaa, mwili wa binadamu unavyofanya kazi ukiwa juu, na mengineyo. Wengi huyachukulia masomo haya kama kizuizi kati yao na ndege. Kumbe mwanafunzi aliyeyaelewa darasani hutumia saa chache zaidi hewani, na saa za hewani ndizo ghali.

Sasa ndege yenyewe. Somo huanza kwa kuizunguka kwa miguu. Mwanafunzi hugusa propela akitafuta mikwaruzo, hutikisa vibawa vya nyuma, hupanda kutazama ndani ya matangi kwa macho yake kwa sababu kipimo cha mafuta kwenye dashibodi hakiaminiwi peke yake. Kisha huchota mafuta kidogo kutoka chini ya tangi kwa kikombe cha plastiki na kuyainua kwenye mwanga. Mafuta ya ndege hizi yametiwa rangi ya samawati. Maji ni mazito kuliko mafuta, kwa hiyo yakiwemo hujitenga chini ya kikombe bila rangi. Akiona hivyo huchota tena na tena hadi yaishe. Injini inaweza kuzimika kwa maji machache tu, na huzimika wakati mbaya kuliko wote, mara baada ya kupaa.

Halafu kuna hewa ya huku kwetu juu. Uwanja wa Wilson, ng'ambo tu ya Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, uko takriban futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi. Injini ya kawaida isiyosukumiwa hewa hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000, bawa nalo hushika hewa kidogo. Ndege ileile ambayo ingeruka upesi pale Malindi, hapa hukimbia mbali zaidi kabla ya kuinuka, na hupanda polepole. Jua la saa nane mchana huzidisha tatizo. Ndiyo sababu mwanafunzi wa huku hufundishwa mapema kupunguza mafuta yanayoingia kwenye injini kwa kishikio chekundu ili yalingane na hewa iliyopo, na ndiyo sababu ndege nyingi za mafunzo huonekana asubuhi. Isipokuwa mwezi wa Julai, mawingu yanapolala chini juu ya Nairobi na Ngong, ambapo mwanafunzi huketi akinywa chai akisubiri yainuke. Siku kama hiyo inaweza kupita bila kuruka hata dakika moja, na kodi ya chumba Nairobi haisubiri mawingu. Mzazi asihesabu muda wa kozi kwa kalenda ya brosha.

Masomo ya mwanzo ni kwenda sawa, kupanda, kushuka na kugeuka. Baadaye kidogo huja somo linalowatisha wengi. Mwalimu humwambia mwanafunzi apunguze nguvu na aendelee kuinua pua. Mwendo unapungua, usukani unalegea mkononi, king'ora kinalia, kisha bawa linashindwa kuibeba ndege na pua inaanguka kuelekea chini. Mwili mzima wa binadamu wakati huo hutaka kuvuta usukani nyuma, kuikimbia ardhi. Dawa ni kinyume chake: kusukuma usukani mbele, kuiacha pua ishuke hadi bawa lishike hewa tena. Hakuna anayezaliwa akijua hivyo. Hurudiwa juu sana, penye nafasi ya kutosha, hadi mkono ufanye bila kuuliza. Sehemu kubwa ya fedha ya mzazi hununua hilo hasa, mkono uliofundishwa kutotii hofu.

Kisha mizunguko ya uwanja: kupaa, kugeuka kushoto, kusafiri sambamba na njia ya kurukia, kugeuka tena, kutua, kupaa upya. Kwa saa moja mtu hupata mizunguko 6 au 8 uwanja ukiwa tulivu, na michache zaidi panapokuwa na foleni. Jambo gumu ni sekunde chache za mwisho, ambapo pua huinuliwa taratibu ili magurudumu ya nyuma yaguse kwanza. Akiinua mapema, ndege hudondoka. Akichelewa, hudunda. Wanafunzi wengi hukwama hapa kwa wiki kadhaa na kuanza kujiona hawafai, hasa anapomwona mwenzake aliyeanza naye ameshavuka. Wazazi wasaidie hapa kwa kunyamaza. Kumpigia simu kijana kila jioni kumuuliza kama ameshapewa ndege peke yake humharakisha mahali ambapo haraka ni hatari.

Siku ya kuruka peke yake haitangazwi. Baada ya mizunguko kadhaa mizuri, mwalimu humwambia asimame kando, hufungua mlango na kushuka. Kwa baadhi hutokea baada ya saa 12, kwa wengine baada ya 25, na tofauti hiyo haisemi mengi kuhusu rubani atakayekuwa. Kiti cha kulia kiko tupu. Ndege imepungua uzito wa mtu mzima mmoja, hivyo inaruka mapema kuliko alivyozoea na kupanda upesi zaidi. Mzunguko mmoja tu, kisha kutua. Katika vyuo vingi wenzake humngoja kwa ndoo ya maji.

Leseni ya kibinafsi inadai saa zisizopungua 40 za kuruka. Kati ya hizo, 10 ziwe za peke yake, na 5 kati ya hizo 10 ziwe za safari, ikiwemo safari moja ya kilomita 270 au zaidi yenye kutua kwenye viwanja viwili tofauti. Mwanafunzi hubeba ramani na saa, hukadiria upepo, na hujithibitishia njia kwa alama za chini: reli ya SGR, barabara ya Namanga, weupe wa Ziwa Magadi. Wanafunzi wengi huhitaji zaidi ya saa 40. Chuo kikitoa bei ya 40 kamili, mzazi aulize wanafunzi wake waliomaliza walitumia saa ngapi kwa kweli, na nani alilipia zilizozidi.

Haitakuwa haki kuzungumza haya yote bila kutaja hatari. Machi 5, 2024, Cessna 172 ya mafunzo na ndege ya abiria aina ya Dash 8 iliyokuwa ikielekea Diani ziligongana karibu na Wilson. Mwanafunzi na mwalimu wake walifariki, mabaki yakaangukia ndani ya Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi. Ndege ya abiria ilirejea na wote waliokuwemo wakashuka salama. Wilson ni uwanja wenye shughuli nyingi, na ndege za wanafunzi hutumia anga moja na ndege za safari. Mzazi ana haki ya kuuliza chuo jinsi kinavyofundisha utazamaji wa nje na matumizi ya redio, nani huidhinisha kila safari ya mwanafunzi anayeruka peke yake, na nini hufanyika anaporipoti kosa lake mwenyewe. Chuo kinachomwadhibu mwanafunzi kwa kusema ukweli kinafuga makosa.

Na kwa wakazi: ndege ikitua kweli shambani kwa dharura, wasaidiwe watu kwanza, asiwashwe moto wala sigara karibu, na ipigwe 999 au 112. Vipande visiokotwe. Wachunguzi wa ajali husoma chanzo kutokana na jinsi vilivyolala.

Turudi kwenye pesa. Leseni ya kibinafsi haimpi mtu kazi. Ni ruhusa ya kuruka kwa gharama yake mwenyewe, na wapo vijana hapa nchini waliorudi nyumbani nayo wakidhani mashirika yatawapigia simu. Leseni ya biashara inadai jumla ya saa 200, au 150 kwa aliyesoma kwenye kozi iliyoidhinishwa na kupangwa mfululizo. Juu yake kuna ruhusa ya kuruka kwa kutegemea vifaa bila kuona nje, na ya ndege zenye injini zaidi ya moja, na kila moja hulipiwa kivyake. Hata baada ya hapo, mwajiri humtazama mwenye saa 200 na kumwona mwanafunzi. Wengi huanza kwa kufundisha, au kwa kupeleka watalii na mizigo kwenye viwanja vya vumbi, na hukusanya saa polepole. Leseni ya juu kabisa, ya nahodha wa mashirika makubwa, inadai saa 1,500 na umri wa miaka 21. Familia iliyopanga pesa hadi saa ya 200 tu haijapanga miaka miwili au mitatu inayofuata.

Pana njia ya pili ambayo haisemwi vya kutosha. Anayependa ndege lakini akashindwa na macho au mfuko anaweza kuwa fundi wa ndege, mwongozaji wa ndege, au mpangaji wa safari. Chuo cha Usafiri wa Anga cha Afrika Mashariki kilichoko Embakasi, kilicho chini ya KCAA, hufundisha baadhi ya kazi hizo. Hata hivyo mwongozaji naye hupimwa afya.

Kwa wasichana, historia iko wazi. Uwanja wa Wilson wenyewe una jina la mwanamke, Florence Kerr Wilson, aliyeanzisha shirika la ndege la Wilson Airways mwaka 1929. Beryl Markham alijifunzia kuruka Nairobi, na mwaka 1936 akavuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kwenda upande wa magharibi. Wote wawili walikuwa walowezi, na milango waliyoipitia haikuwa wazi kwa binti wa Kimaasai. Siku hizi Irene Koki Mutungi, Mkenya, ni nahodha wa Boeing 787, na ndiye mwanamke wa kwanza Mwafrika kuidhinishwa kwa cheo hicho kwenye ndege hiyo. Baba anayesema urubani ni wa wavulana atafute sababu nyingine.

Jambo la mwisho ni la karatasi. Usafiri wa anga ni jukumu la serikali ya kitaifa chini ya Katiba, hivyo kaunti haiidhinishi chuo cha urubani wala haiwezi kukifunga. KCAA huchapisha orodha ya vyuo vilivyoidhinishwa. Jina likikosekana humo, saa zitakazorushwa hapo huenda zisihesabiwe. Jina likiwemo, bado itazamwe kama kozi inayouzwa ndiyo iliyoidhinishwa. Malipo yagawanywe kwa awamu kadiri saa zinavyorushwa, na yasitolewe yote siku ya kujiandikisha. Iulizwe kama muda unaotozwa ni wa ndege kuwa hewani au wa injini kuwaka, maana dakika 15 za foleni kabla ya kupaa, mara 40, ni saa 10. Iulizwe chuo kina ndege ngapi zinazoruka leo, kwa kuwa ndege iliyo gereji haimfundishi mtu. Na kila jioni mwanafunzi ahakikishe kitabu chake cha kumbukumbu za safari kimejazwa na kutiwa sahihi na mwalimu. Akihama chuo, au chuo kikifungwa, kitabu hicho ndicho shamba lililouzwa, na anapaswa kuondoka nacho mkononi.

 Maswali yanakaribishwa, tukianza na wazazi waliokaa nyuma.